Uchungu wa Mjonso: Dawa za Kushusha Sukari na Njia Iliyopita Ujiji

Wazungu wa kwanza kuandika habari za Ujiji walifika hapo wakiwa hoi. Ilikuwa Februari 1858. Richard Burton alikuwa amelegea miguu, anabebwa kwa machela. Mwenzake John Speke alikuwa na macho mabovu, na ziwa walilolitafuta kwa zaidi ya miezi saba tangu waache pwani aliliona kama ukungu tu. Katika mizigo yao mlikuwa na unga mchungu ambao kila msafiri wa enzi hizo alihangaika asiukose: kwinini. Unga huo hutoka kwenye gome la msinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, ndio walioutenga na gome lake mwaka 1820.

David Livingstone aliupenda sana. Alikuwa daktari, na alijitungia vidonge vyake mwenyewe kwa kuchanganya kwinini na dawa za kuharisha. Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka, akabaki mikono mitupu mbele ya homa. Alipojikokota hadi Ujiji Machi 1869 alitegemea kukuta shehena yake kutoka Unguja. Alikuta sehemu kubwa imekwisha kutafunwa, na dawa zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku kumi na tatu nyuma yake.

Jambo ambalo yeye na Burton hawakulijua, na ambalo wasingeweza kulijua, ni kwamba kwinini hushusha sukari ya damu. Huichokoza kongosho itoe insulini. Mwaka 1983 Nicholas White na wenzake waliokuwa wakitibu malaria kali nchini Thailand walichapisha vipimo vyao: wagonjwa waliopewa kwinini sukari zao zilishuka hadi kiwango cha hatari, huku insulini ikiwa imepanda. Malaria yenyewe nayo hushusha sukari, kwa hiyo mgonjwa aliyezimia ungeweza kudhani ni homa imempanda kichwani. Kwa zaidi ya karne moja, basi, dawa ya mmea yenye uwezo wa kushusha sukari ilipita njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ndani ya masanduku ya wasafiri, na hakuna aliyeishuku kwa sababu hakuna aliyekuwa akipima sukari.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia habari ya dawa za kisukari katika ukanda huu. Mara nyingi tunaisimulia kama ugomvi kati ya hospitali na mganga, kana kwamba swali ni nani mwenye mti. Miti iko, tena ya kutosha. Swali lililogeuza mambo kila mara lilikuwa ni nini kilipimwa, na kwa mnyama gani.

Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa mahali pazuri pa kukutanisha dawa. Misafara ya pwani iliishia hapo, na mitumbwi ya Manyema na Burundi ilitia nanga hapo. Waha na Wajiji walikuwa wenyeji. Wamanyema walivushwa kutoka ng'ambo, wengi wao kama watumwa, na wakaufanya mji kuwa wao. Waarabu na Waswahili walikuja na vitambaa, shanga na vitabu. Sokoni palikuwa na mawese, samaki, chumvi ya Uvinza na pembe za ndovu. Waliosoma vitabu vya tiba vya Kiarabu walirithi elimu ya Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ambaye alieleza ugonjwa wa mkojo mtamu na kuuagizia mchanganyiko wenye uwatu ndani yake. Uwatu huo bado unaloanishwa usiku na kunywewa asubuhi na wagonjwa wa sukari kuanzia Muscat hadi Mombasa.

Lakini tusijidanganye kwamba kisukari kilikuwa gonjwa kubwa la Ujiji wakati huo. Watu walikufa kwa ndui, kipindupindu, malaria na kuhara damu. Uganga wa ziwani ulinolewa na maradhi hayo, maradhi ya haraka, ambayo mgonjwa wake ama anainuka ama anazikwa, na mganga anaona kwa macho yake dawa imefanya nini. Nitalirudia hili, kwa sababu linaeleza mengi.

Kuna mtu mmoja anayeunganisha Ujiji na maabara za Ulaya moja kwa moja, ingawa anakumbukwa zaidi kwa siasa. John Kirk, aliyekuwa Unguja akiwakilisha Uingereza, ndiye aliyekuwa akipeleka mizigo ya Livingstone Ujiji. Kabla ya hapo alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika safari ya Zambezi. Huko alikusanya sumu ya mishale iliyotokana na mmea wa strofanthasi. Baadhi yake iligusa mswaki wake. Alipopiga mswaki aliusikia uchungu, akajishika mkono na kugundua mapigo ya moyo yamepungua. Sampuli zikafika Edinburgh kwa Thomas Fraser, ambaye aliichunguza sumu hiyo kwa miaka mingi, na kutokana nayo ikapatikana strofanthini, dawa ya moyo. Wawindaji wa Zambezi walijua mmea unaua. Kirk aliongeza kidole kwenye mshipa, nacho kikaligeuza swali lote.

Sasa twende kusini mwa Ujiji, kilomita zaidi ya mia moja kwa boti, hadi kwenye milima ya Mahale. Hii ni nchi ya Watongwe. Tangu mwaka 1965 watafiti wa Kijapani, wakianza na Toshisada Nishida, wamekuwa wakiwafuata sokwe wa huko mmoja mmoja kwa majina. Novemba 1987 Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto alikuwa msituni na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa ofisa wa hifadhi na mjuzi wa dawa. Walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku akiwa hana raha. Alilala mchana, chakula hakitaki, hata mtoto wake hakumshughulikia kama kawaida. Kisha akauendea mti mmoja mdogo, akavunja chipukizi, akamenya ganda, akatafuna moyo wa shina na kunyonya maji yake. Majani aliyatupa.

Kalunde aliujua mti ule. Watongwe huuita mjonso, na kwa Kiswahili wengine husema mtukutu. Warundi na Wanyarwanda ni umubirizi, Waganda ni mululuza. Kwa Watongwe ni dawa ya homa, ya tumbo na ya minyoo. Ni mchungu kweli kweli, wa kukunja uso. Kesho yake Chausiku alikuwa amechangamka na anakula. Huffman na Kalunde waliandika pamoja, na mwaka 1989 makala yao ilitoka katika jarida la *Primates*, majina yote mawili juu yake. Baadaye Huffman na wenzake walihesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha sokwe mwingine kabla na baada ya kutafuna mjonso: kutoka mayai 130 kwa gramu hadi 15, katika muda usiofika siku nzima. Wanakemia wa Kyoto, Koshimizu na Ohigashi wakiwa miongoni mwao, wakatenga vijenzi vya mti huo, kimoja wakikiita vernoniosidi B1. Kingine, vernodalini, ambacho kimejaa kwenye majani na ganda kuliko kwenye moyo wa shina, kilikuwa sumu kwa panya. Kumbe sokwe ana sababu ya kutupa majani.

Katika ukoo wa Kalunde kulikuwa na kisa cha zamani cha namna hiyo hiyo. Babu yake, naye mganga, alimwona nungunungu mgonjwa akichimbua na kula mizizi ya mulengelele, mmea ambao watu waliuogopa kama sumu. Wakati huo kijiji kilikuwa kimeingiliwa na ugonjwa wa kuhara damu. Mzee akaujaribu mwenyewe kwanza, ndipo wengine wakathubutu, na mulengelele ukaingia katika dawa za Watongwe.

Watu wa maabara husikia hadithi kama hiyo wakatabasamu. Mimi naona ni jaribio, tena lililopangwa vizuri kuliko mengi niliyosoma: ugonjwa unaojulikana, mmea mmoja, mganga anaanza na mwili wake, matokeo yanaonekana ndani ya siku chache. Njia hiyo inafaa sana kwa minyoo, kwa homa, kwa tumbo. Tatizo ni kwamba haifai kwa kisukari.

Kisukari cha ukubwani, kile madaktari wanachokiita aina ya pili, kinaweza kukaa mwilini miaka bila kelele. Mtu analima, anavua dagaa, anacheza bao, na sukari yake iko juu. Kinapojitokeza, kiu na kukojoa mara kwa mara hupungua kwa sababu nyingi: kaacha soda, kapunguza ugali, kanywa maji, au ni siku tu. Anayekunywa dawa chungu kwa wiki mbili na akajisikia mwepesi hajathibitisha chochote, wala hasemi uongo. Jicho la mganga, lililofunzwa kwa vizazi kuona mgonjwa akiinuka, hapa halina cha kuona. Ndiyo maana tangu zamani ugonjwa huu ulidai kipimo. Wahindi wa kale waliona sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo, na mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliuchemsha mkojo wa mgonjwa hadi ukakauka, akabaki na sukari nyeupe kwenye sufuria.

Insulini yenyewe ilizaliwa kama dawa ya kukamua, sawa na za waganga, ila badala ya jani palikuwa na kongosho. Frederick Banting na Charles Best walianza kazi Toronto mwaka 1921. Tarehe 11 Januari 1922 kijana Leonard Thompson alidungwa sindano ya kwanza. Sukari ilishuka kidogo tu na sehemu iliyodungwa ikavimba usaha. James Collip akakaa na alkoholi yake, akiongeza na kupunguza nguvu ya mchanganyiko hadi akapata kiwango ambapo uchafu ulidondoka chini na insulini ikabaki. Tarehe 23 Januari walimdunga tena, na safari hii sukari ikashuka kweli. Kazi ya kusafisha ndiyo iliyofanya tofauti kati ya dawa na jipu.

Collip hakuishia hapo. Mwaka uliofuata, 1923, alitangaza kwamba mimea nayo ina kitu kama insulini. Alikamua majani ya vitunguu na mimea mingine, akadunga wanyama, akaona sukari zao zinashuka. Kitu hicho alikiita glukokinini. Hakikufika popote. Namtaja kwa sababu wauza dawa wa leo wanaotangaza "insulini ya mimea" wanadhani wamevumbua jambo jipya.

Mmea uliofika mbali ulikuwa mwingine, na ulikwenda kwa kuchechemea. Galega ni majani ya malisho ya Ulaya yanayoweza kuua kondoo. Ndani yake mna kemikali za jamii ya guanidini, na mwaka 1918 ilionekana kwamba guanidini hushusha sukari ya sungura, ila ni sumu. Mwaka 1922, ule ule wa Leonard Thompson, Emil Werner na James Bell huko Dublin walitengeneza ndugu yake asiye mkali, tunayemwita leo metformini. Insulini ilipofika kila mtu akasahau. Mpaka mwaka 1957 ndipo daktari wa Paris, Jean Sterne, alipochapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari. Marekani haikuiruhusu hadi 1994. Leo ndiyo tembe ya kwanza ambayo mgonjwa mpya wa kisukari aina ya pili hupewa karibu kila mahali duniani, pamoja na Kigoma. Kutoka kwenye jani hadi kwenye tembe ilibidi kemikali ya mmea ibadilishwe, kwa sababu ile ya asili ingedhuru watu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinahusu ua dogo lenye asili ya Bukini, la waridi au jeupe, linaloota nyuani mwa watu pwani nzima ya Afrika Mashariki. Jamaika watu walinywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 majani hayo yalipelekwa Kanada kwa daktari Clark Noble, ambaye miaka thelathini nyuma nusura awe msaidizi wa Banting: shilingi ilirushwa, na Best akashinda. Clark aliyapeleka kwa ndugu yake Robert, mtafiti katika chuo kikuu cha jimbo la Ontario. Robert Noble aliwapa panya dawa iliyokamuliwa. Sukari haikutikisika. Lakini chembe nyeupe za damu zilianguka kwa kasi. Yeye na mwanakemia Charles Beer waliifuata njia hiyo, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastini, moja ya dawa za saratani zilizookoa watu wengi. Kama Noble angepima sukari pekee, angeandika "haifanyi kazi" na kutupa majani. Na kama angeamini sifa zake bila kupima, tungekuwa na chai nyingine ya kisukari sokoni na saratani ingebaki bila dawa hiyo.

Tanzania iliingia katika kazi hii kwa utaratibu mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili pale Muhimbili, ambacho baadaye kiligeuka kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Miaka miwili baadaye John Kokwaro wa Nairobi alitoa kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Watafiti wa Muhimbili, akina Mahunnah na Mshiu, walishirikiana na Chhabra kukusanya orodha ndefu ya miti ya dawa, lakini orodha hiyo ilikuwa ya mashariki mwa nchi. Magharibi, kama ilivyo ada yake, ilingoja. Kigoma ni mwisho wa reli, na kwa muda mrefu ilikuwa pia mwisho wa bajeti.

Wakati huo huo kulikuwa na swali la msingi: kisukari kipo kiasi gani? Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha katika *Lancet* kazi yao ya vijijini. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata asilimia moja. Ilipofanywa tathmini ya kitaifa mwaka 2012, kwa njia tofauti na watu wa miaka 25 hadi 64, takwimu ilikuwa asilimia 9.1. Namba hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa umri na njia za kupima si sawa, ila mwelekeo wake hauna ubishi.

Kwa watu wa Kigoma kuna kazi nyingine ya timu hiyo inayostahili kukumbukwa. Miaka ya sabini na themanini wanasayansi kadhaa walidhani muhogo, kwa sababu ya sumu yake ya sianidi, huenda ndio unaoharibu kongosho za maskini wa nchi za joto. Nadharia ilikuwa nzuri karatasini. Andrew Swai, McLarty na wenzao wakaenda kupima jamii ya Watanzania wanaokula muhogo kila siku, na mwaka 1992 wakaandika wazi kwamba muhogo hausababishi kisukari. Kwa mji unaokula ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, hiyo ilikuwa hukumu ya kuachiliwa huru.

Halafu likaja jaribio ambalo kila muuza dawa angelazimishwa kulisoma. Mainen Moshi na wenzake wa Taasisi ya Tiba Asili waliuchukua mmea mdogo unaoota kando ya njia baada ya mvua, ule wenye vijitunda vinavyoning'inia chini ya vijani, *Phyllanthus amarus*. Sungura walitangulia. Kisha wakafika kwa watu: wagonjwa 21 wa kisukari aina ya pili, wakinywa maji ya mmea uliochemshwa kwa wiki moja, wakipimwa sukari kabla ya kula na baada ya kula. Sukari haikushuka, si ya njaa wala ya shibe. Mwaka 2001 walilichapisha hivyo hivyo, bila kulipaka rangi. Wiki moja ni muda mfupi, na mtu anaweza kudai zaidi. Lakini ni wangapi wanaothubutu kutangaza kwamba dawa yao imeshindwa? Moshi huyo huyo, pamoja na Zakaria Mbwambo, walikuwa wameandika mwaka 2000 juu ya uzoefu wa waganga wa Tanzania katika kutibu kisukari. Hawakuwa maadui wa waganga. Walikuwa wakiifanya ile kazi ya pili, ambayo jicho peke yake haliiwezi.

Brazil ilipata jibu kama hilo kwa mzambarau. Zambarau, hasa kokwa zake, zina sifa kubwa ya kushusha sukari kutoka India hadi Tanga na Unguja. Teixeira na wenzake huko Porto Alegre waliwapima wanyama na watu, na mwaka 2000 wakaripoti kwamba hakuna kilichoshuka. Walitumia majani, naam, si kokwa. Mwenye kutetea kokwa bado ana nafasi, mradi alete vipimo.

Tofauti hiyo ya sehemu ya mmea ilitusumbua sana mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alivuta magari kutoka pande zote za Afrika Mashariki hadi kijiji cha Samunge, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Dawa yake ilichemshwa kutoka kwenye mizizi ya mugariga, jamii ya mtandamboo, na ilisemwa inaponya kisukari, UKIMWI, presha, pumu na saratani. Wataalamu wa serikali walisema haina madhara kuinywa. Kilichosikika mitaani ni kwamba serikali imeithibitisha, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Watu waliacha dawa zao, na wengine walikufa njiani au waliporudi. Cha ajabu, miaka kumi na mitano kabla ya foleni ile watafiti wa Misri walikuwa wameujaribu mmea wa jamii hiyo kwa panya wa kisukari, na kuandika kwamba ulishusha sukari. Lakini walitumia majani. Babu alitoa mizizi, kikombe kimoja kwa maisha yote. Ukisema "mti umethibitishwa" hujasema kitu mpaka utaje sehemu gani, kiasi gani, mara ngapi.

Tueleze basi maabarani kunafanyika nini, kwa kuwa hapa ndipo maneno "utafiti umeonyesha" yanapozaliwa. Mmea hukusanywa, sampuli yake ikahifadhiwa kwa jina na mahali ulipotoka ili kesho mtu asije akasema ulikuwa mti mwingine. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, huloanishwa kwenye maji au alkoholi, kisha kioevu hukaushwa hadi libaki gundi au unga. Panya au sungura hufanywa wawe na kisukari kwa kemikali. Ya zamani ni alokzani: mwaka 1943 watafiti wa Glasgow waliokuwa wakishughulikia uharibifu wa figo waligundua kwa bahati kwamba inaua chembe za kongosho zinazotoa insulini. Ya pili ni streptozotosini, iliyojulikana kwa kazi hiyo kuanzia 1963. Wanyama wengine hupewa dawa, wengine maji, wengine glibenklamidi, tembe ya kisukari ya dukani, kwa kulinganisha.

Tatizo la kwanza liko hapo hapo. Panya aliyeuliwa kongosho ndani ya siku chache hafanani na mama wa miaka 55 wa Ujiji ambaye kongosho yake bado inatoa insulini lakini mwili umekuwa sugu. Tatizo la pili ni kipimo. Mjonso wetu umejaribiwa hivyo: mwaka 1992 Akah na Okafor wa Nigeria walichapisha kwamba maji ya majani yake yanashusha sukari ya sungura, na mwaka 2011 watafiti wa Singapore waliwapa panya miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku 28, nao wakaona sukari ikishuka. Ukizidisha tu kwa mtu wa kilo 70 unapata gramu 28 kwa siku. Hata ukirekebisha kwa hesabu inayotumika kuhamisha kipimo kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu, bado unabaki na gramu nne na nusu za unga uliokolezwa, si kikombe cha majani yaliyochemshwa kwa makadirio ya kiganja. Na ni majani yale ambayo Chausiku aliyatupa. Nigeria huyala kama mboga, lakini huyafikicha na kuyaosha mpaka uchungu utoke, na sina uhakika kwamba kinachobaki baada ya kuosha ndicho kilichomshusha sungura.

Tatu, na hili haliandikwi kwenye vibandiko vya chupa, kuna dawa zinazoshusha sukari kweli kweli kwa sababu mtu amesagia humo tembe za hospitali. Katika nchi kadhaa wakaguzi wamekamata dawa za mitishamba zilizotiwa glibenklamidi kwa siri. Mgonjwa anayezinywa juu ya tembe zake mwenyewe anaweza kuanguka usiku kwa sukari kushuka, kama wale wa kwinini.

Tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, nchi ina baraza la kusajili waganga na dawa zao. Usajili ni jambo jema, ila haujibu swali la sukari. Kinachokosekana kwa mjonso, na kwa miti mingi ya magharibi, si panya mwingine. Panya wametosha. Kinachohitajika ni jaribio kwa watu, na lingeweza kufanyika Kigoma kwenyewe, hospitali ya Maweni na waganga wa ziwani wakiketi meza moja, mjuzi wa mti akiwekwa jina lake kwenye makala kama Kalunde mwaka 1989. Mmea mmoja wenye sampuli iliyohifadhiwa, sehemu moja ya mmea, kipimo kimoja. Ini na figo zichunguzwe mwanzo na mwisho. Wagonjwa wasiachishwe metformini, ila nusu yao waongezewe dawa na nusu waongezewe kitu chungu kisicho dawa, bila mgonjwa wala anayempima kujua nani kapata nini. Na lisiwe la wiki moja. Kipimo kinachoaminika ni kile cha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu, kinachosomwa kama wastani wa miezi mitatu, kwa sababu chembe hiyo huishi takriban siku 120 kabla mwili haujaiondoa.